Idd hii, sinia moja kwa wote



Ramadhani imeingia kumi la mwisho, na kwenye kundi letu la simu orodha ya nani ataleta nini siku ya chakula cha Idd cha shule imeshaanza kuzunguka. Kabla haijajaa, naomba mnisikilize. Nina ombi moja, na najua si wote watakaolipenda: mwaka huu chakula chetu cha Idd kiwe bila ngano. Sisemi tutenge sahani moja pembeni kwa ajili ya wasiokula ngano. Nasema chakula chote, kuanzia pilau mpaka vitamutamu.

Niwaeleze yaliyonifikisha hapa.

Mwaka jana, siku kama hiyo, binti yangu alikuwa na miaka tisa. Miezi minne kabla yake, baada ya kupimwa damu na kuangaliwa tumbo, tuliambiwa ana ugonjwa wa seliaki. Basi nikampikia wali na kuku wake nyumbani, nikavitia kwenye kibakuli chenye mfuniko, nikaandika jina lake juu. Pale ukumbini tulitandika mikeka, masinia yakashushwa, watoto wakakaa sita sita. Naye akaenda kukaa na wenzake. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chakula akamwambia kwa upole, "Mwanangu, wewe usikae hapa, utakuja kugusa sambusa uumwe. Njoo ukae kwenye kiti." Akakaa kwenye kiti, karibu na pale tulipotundika makoti, akala peke yake.

Mama yule simlaumu hata kidogo. Alisema yale niliyomwomba mimi mwenyewe aseme. Lakini tulipokuwa ndani ya gari kurudi nyumbani, mtoto aliniuliza: "Mama, Idd ijayo naweza kubaki nyumbani na baba?"

Swali hilo nimelibeba mwaka mzima. Tunawaleta watoto hawa kila Jumamosi wajifunze Kiswahili ili wajione ni wetu. Halafu siku kubwa kuliko zote, ndiyo siku tunayomtoa mmoja kwenye sinia.

Nyinyi watoto huenda mnajiuliza seliaki ni nini. Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa maandazi uvutike unapoukanda. Kwa watu wengi haina ubaya. Lakini kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili inaiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo inaujeruhi utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyuzi vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vinyuzi hivyo vikilala, mtoto anakula lakini mwili haupati. Anachoka, tumbo linamuuma, damu inapungua, pengine hakui kama wenzake. Hapa Uingereza inakadiriwa mtu mmoja katika kila 100 anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajijui. Dawa ya kuumeza na kupona haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Hayo yalijulikanaje? Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kisha ikaja njaa kubwa ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945. Mkate ukakosekana nchi nzima, watu wakala hata vitunguu vya maua. Katika dhiki ile, watoto wenye seliaki walikuwa na nafuu kuliko walivyokuwa wakati wa shibe, na mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Dicke aliandika matokeo ya utafiti wake mwaka 1950. Kabla ya hapo wako watoto waliokufa kwa ugonjwa huu huku mama zao wakiwabembeleza wale mkate kidogo wapate nguvu.

Hilo la "kidogo" ndilo gumu zaidi kwetu. Bibi yake mtoto, mama mkwe wangu, ni mtu wa mapenzi makubwa, na mapenzi yake yanapitia mkononi. Alikuwa akimwita jikoni, "Njoo mjukuu wangu, kipande tu, kidogo hakidhuru." Kwa seliaki kidogo kinadhuru. Sheria ya hapa inaruhusu chakula kuandikwa hakina gluteni ikiwa tu gluteni yake haizidi miligramu 20 katika kilo nzima. Hizo ni chembe ambazo huwezi kuziona kwa macho. Na si lazima mtoto aumwe palepale. Anaweza kucheka na kukimbia, na ndani utumbo unachubuka. Wazee wetu walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Wako pia wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu, au ni mtindo wa watu wanaotaka kupungua. Mtindo upo, sikatai. Lakini nchi iliyopata kuripotiwa kiwango kikubwa mno cha seliaki haiko Ulaya. Ni miongoni mwa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, Waislamu na Waafrika kama wengi wetu. Watoto wao walipopimwa miaka ya 1990, zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nao. Maradhi hayaulizi pasipoti.

Sasa kwa nini chakula chote, na si sahani moja ya pembeni?

Kwanza, kwa sababu ya jikoni. Ukikanda mahamri asubuhi, unga wa ngano unaruka hewani na kutua juu ya meza, kwenye taulo, kwenye mfuniko wa sufuria ya jirani. Ukikaanga sambusa halafu ukatia bajia katika mafuta yaleyale, bajia hizo hazimfai tena. Mwiko wa mbao na chujio vinaweza kushika chembe. Na watoto wakishakaa sinia moja, mkono uliokamata chapati ndio unaoingia kwenye pilau. Huwezi kulinda robo ya sinia. Ama sinia zima ni salama, ama mtoto atoke.

Pili, na hili ndilo hasa nililotaka kulisema, kwa sababu hatupotezi kitu. Nilipopewa karatasi ya hospitali ya vyakula vilivyokatazwa, nilienda dukani nikanunua kila kilichoandikwa hakina gluteni: mikate iliyokauka kama sponji, biskuti za bei mara tatu, unga mchanganyiko wa pakiti. Nikajaribu mahamri kwa unga ule mara tatu. Ya kwanza yalikuwa mawe. Ya pili yalivunjikia kwenye mafuta. Ya tatu yalifura vizuri, nikafurahi, mume wangu akaonja akanyamaza, kisha akasema, "Mazuri, lakini haya si mahamri." Alisema kweli. Hamri ni ngano. Ukiitoa ngano, umebaki na jina tu.

Siku ile niliacha kuiga nikaanza kukumbuka. Utoto wangu Unguja, asubuhi nyingi tulikula nini? Vitumbua, muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, viazi vitamu, mbaazi, mkate wa kumimina, bajia za kunde. Hakuna ngano hata punje. Pwani yetu si nchi ya kulima ngano. Ni nchi ya mpunga, mtama, muhogo na mnazi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika alichokaribishwa: wali uliopikwa kwa samli, juu yake mchuzi wa nyama, kuku, samaki na mboga, pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na embe. Someni tena orodha hiyo polepole. Binti yangu angekaa katika karamu ile akala kila kitu.

Kwa hiyo tusiende kwenye rafu ya vyakula maalumu. Twende kwenye gunia la mchele. Menyu ninayoipendekeza hii hapa, na yote tutaipika wenyewe tangu mwanzo, kwani ukipika mwenyewe ndiyo unajua kilichoingia.

Asubuhi ya Idd tuanze na mkate wa kumimina. Usiku wa kuamkia, osha vikombe viwili vya mchele wa kawaida, usiwe ule uliochemshwa kiwandani, uroweke. Asubuhi umwage maji, uusage kwenye blenda pamoja na kopo moja la tui zito la mililita 400, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, na iliki uliyoitwanga mwenyewe. Saga mpaka ukishika kati ya vidole usisikie mchanga. Funika, uache uumuke, huku kwetu kwenye baridi inaweza kuchukua saa moja na zaidi. Ukishaumuka, changanya ute wa yai moja taratibu. Pasha sufuria yenye mafuta kidogo, mimina, moto wa wastani. Ukiona matundu yamejaa juu na kingo zimeshika, hamishia chini ya grili ugeuke rangi. Bibi zetu walipalia makaa juu ya mfuniko. Sisi tuna grili, kazi ni ileile. Rojo hilo hilo, ukilitia kwenye chuma cha vitumbua, unapata vitumbua. Umeroweka mara moja, umepata vyakula viwili.

Pamoja na mkate, mbaazi za nazi. Wengi tumezoea mbaazi na mahamri, lakini mbaazi na vitumbua ni ndugu wa siku nyingi. Na tambi za sukari zinazoliwa asubuhi ya Idd? Tumia tambi nyembamba za mchele. Zikaange kwa samli, zabibu na iliki kama kawaida, ila maji yawe machache, kwani hulainika haraka.

Mchana ni pilau, na pilau haihitaji mhadhara wangu. Mchele, nyama, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyekundu, bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, karafuu, iliki. Kachumbari kando. Mambo ya kuangalia ni mawili tu, nitayafikia.

Familia zinazopika bokoboko nazijua, na bokoboko ni ngano. Hapa nawaomba tujifunze kwa ndugu zetu wa Oman. Wao wana arsia, mchele na nyama au kuku vilivyopikwa muda mrefu vikapondwa mpaka vikawa kitu kimoja, juu yake samli. Kwao ni chakula cha Idd hasa. Mama mkwe wangu alipoionja alisema, "Hii ni bokoboko iliyooga." Sasa anaipika yeye.

Vya kukaanga: bajia za kunde, ambazo unaroweka kunde, unamenya maganda, unasaga na kitunguu saumu na pilipili mbichi. Kachori za viazi zilizochovywa katika unga wa dengu. Katlesi za nyama zilizochovywa katika yai tupu, bila chenga za mkate. Urojo nao unaweza kufungwa kwa unga wa dengu badala ya ngano, na wako wanaosema ndivyo unavyokuwa mtamu zaidi. Kwa vitamu, kashata za nazi, kashata za njugu, tende, ndizi mbivu za nazi. Halua iletwe na anayejua wanga uliotumika, kwani iko inayopikwa kwa wanga wa mahindi au muhogo na iko ya wanga wa ngano.

Sasa mitego. Chakula chetu ni salama, lakini pakiti zetu si zote. Mvuje wa unga unaouzwa madukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Vidonge vya supu vingine vina ngano, na hiki ni kimoja cha yale mawili ya pilau. La pili ni bizari za pilau zilizosagwa tayari: soma pakiti, au saga mwenyewe, dakika tano tu. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Semolina, au suji, ni ngano kwa jina jingine. Malti hutokana na shayiri. Hamira na baking powder, soma. Unga wa dengu, tafuta ulioandikwa hauna gluteni, kwani mashine nyingi husaga dengu na ngano pamoja. Sheria ya Uingereza inataka vyakula 14 vinavyodhuru watu vitajwe kwa namna ya kuonekana wazi katika orodha ya viambato, aghalabu kwa herufi nzito, na nafaka zenye gluteni zimo. Watoto, kazi hii ni yenu. Macho yenu ni makali kuliko yetu, na Kiingereza cha pakiti mnakisoma upesi. Mkienda dukani na wazazi, nyinyi ndio wakaguzi.

Siku ya kupika, anzeni kwa kufuta meza na kuosha sufuria zote kwa sabuni. Tumieni mafuta mapya na mwiko mpya. Kama asubuhi hiyo nyumbani kwako lazima mahamri yapikwe, basi tafadhali usilete cha kukaanga. Lete tende, matunda, maji au juisi. Hakuna atakayekuona mchoyo.

Najua maneno yatakayokuja. Dada yangu mmoja ameshaniambia: "Watoto sitini wakose sambusa kwa ajili ya mtoto mmoja?" Ni swali la haki, nami nalijibu hivi. Kwanza, si mmoja. Tangu nianze kulisema jambo hili, familia nyingine mbili za shule yetu zimenivuta kando kunieleza ya kwao. Pili, sambusa zipo siku 364 zilizobaki, na hata jioni ya Idd yenyewe nyumbani kwako. Tunachoahirisha ni sambusa za saa mbili. Yule mtoto wa kwenye kiti haahirishi kitu. Anatoka.

Wapo pia ambao mahamri ni mkono wao. Yuko mama hapa anayeleta mahamri kila Idd, na watu huja wakiyaulizia kabla hawajavua viatu. Kumwambia mwaka huu asilete ni kumgusa, na sitajifanya si kitu. Nimekwenda kwake mwenyewe kabla ya kuandika haya. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na vitumbua je? Nilikuwa nauza vitumbua Makadara kabla sijaolewa." Alikuwa hajavipika huku kwa miaka kumi na tisa, kwa kuwa hakuna aliyemwomba.

Na kwa familia ambazo sikukuu yao ni Krismasi, jambo ni lilelile. Najua kwa wengi Krismasi bila chapati haijawa Krismasi. Lakini pilau ipo, ndizi za nyama zipo, ugali na kuku wa nazi vipo. Mkiwa na mgeni asiyekula ngano, chapati ziliwe siku ya pili yake.

Kuna faida moja zaidi, na walimu wetu wataipenda. Ukinunua pakiti, mtoto anajifunza neno moja: fungua. Ukipika mwenyewe anajifunza kuroweka, kumenya, kutwanga, kusaga, kuumuka, kupalia, kuepua. Binti yangu aliyajua maneno haya mwaka huu, na hakuyapata darasani. Aliyapata kwa bibi yake, jikoni, alipokuwa akiangalia rojo la vitumbua kama limeumuka. Bibi naye haiti tena kwa kipande cha andazi. Anamwita, "Njoo uonje sukari, mimi sioni vizuri."

Basi ombi langu ndilo hilo. Orodha ikikufikia kwenye simu, andika chakula kisicho na ngano. Kama hujui kitu ulichonacho kina nini, niulize, nitakujibu hata usiku. Kama bado hukubaliani nami, njoo Jumamosi tuzungumze wakati watoto wako darasani, chai nitaleta mimi, na bajia.

Nami nyumbani nimeshatoa jibu langu. Binti yangu nimemwambia mwaka huu hatabeba kibakuli. Ameniuliza, "Kweli mama, hata sinia lenye watoto wakubwa?" Nimemwambia hata hilo. Naomba msinifanye mwongo.